Wote Waliafiki kwa Kauli Moja

Kazi yangu ilikuwa kuandika watu walichosema kwenye mikutano, na kwa miaka mingi niliifanya vibaya kwa mwandiko mzuri. Nawaambia mapema, msije mkadhani bibi huyu amekaa kitako kujisifu. Nilikuwa mtendaji wa kijiji, baadaye mtendaji wa kata, na nimestaafu na cheti cha utumishi bora ambacho kinaning'inia sebuleni kwangu hapa Unyambwa, juu ya trei za mayai.

Mwezi uliopita walinijia watendaji wapya watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Wameomba kazi kwa mtandao, wakapangiwa vijiji ambavyo hawajawahi kuvikanyaga. Walinipa shikamoo zao vizuri, wakakaa, mmoja akafungua kompyuta yake mapajani akaniuliza, "Mama, fomati ya muhtasari unayo?" Nilicheka mpaka kuku wakatawanyika. Fomati ninayo, wanangu, na ndiyo iliyoniponza. Siku hiyo nilikuwa na alizeti ya kuanika na jua lilikuwa linaniacha, kwa hiyo niliwaambia nitawaandikia, wasome wao na wenzao wanaoanza kazi.

Aliyenifundisha kuandika muhtasari ni Mzee Yohana, mtendaji wa kata yetu wakati huo, mtu wa Kilimatinde, aliyevaa koti hata mwezi wa kumi wakati ng'ombe wenyewe wanatafuta kivuli. Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Mtinko, na wenye nacho wakisoma watajijua. Mimi ni Mnyiramba, Kinyaturu nilijifunzia kazini, na siku za kwanza niliandika kila kitu kwa sababu sikujua kipi kina uzito. Mkutano mmoja niliuandikia kurasa kumi na nne. Mzee Yohana akazisoma zote, akavua miwani.

"Binti, hapa umeandika kwamba Mzee fulani alisimama akasema mwenyekiti ni mwongo."

"Ndiyo, mzee. Alisema."

"Najua alisema, hata mimi nilimsikia. Mkutano unaweza kuwa na kelele. Karatasi isiwe na kelele."

Akanipa kanuni zake. Kila ajenda ipate mistari mitatu. Kila uamuzi umalizie kwa maneno, wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja, kwa sababu ukiandika kuna waliokataa, wilayani watakurudishia karatasi na kukuuliza kwa nini hukuwaelimisha. Na orodha ya mahudhurio ipitishwe mwanzo kabisa, watu wanapofika, kabla hawajaanza kukumbuka mifugo yao. Ukisubiri mwisho utabaki na wenyeviti na mbwa, na akidi haitatimia. Asiyejua kuandika aweke dole gumba kwenye wino.

Hizo kanuni zilinifaa sana. Karatasi zangu hazikurudishwa tena, na kwenye semina walizipitisha kwa wenzangu kama mfano. Nilikuwa najiona.

Ngoja niwape kisa kimoja kidogo kabla sijafika kwenye kikubwa. Zahanati yetu ilikuwa na chumba cha kujifungulia chenye dirisha lililovunjika, na chini ya dirisha hilo ndipo lilipokuwa benchi la wagonjwa wa nje. Kwenye mkutano wa kijiji wanawake walilisema jambo hilo karibu saa nzima. Mmoja alieleza alivyojifungua huku baba mkwe wake akikohoa upande wa pili wa ukuta. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mimi nikaandika, "Wananchi waliomba chumba cha kujifungulia kikarabatiwe." Mistari miwili, hata mitatu haikufika.

Karatasi ikaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Huko wakaandika kwamba kijiji kiliomba kuboreshewa huduma ya mama na mtoto. Diwani akaibeba mpaka kwenye baraza la madiwani wilayani. Miezi baadaye nilikwenda wilayani kwa semina, nikaomba kuona kitabu cha vikao, maana nilikuwa na hamu ya kuliona dirisha letu limefika wapi. Nikakuta: "Diwani alieleza kuwa huduma za afya katika kata yake zinaendelea kuboreka."

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mtu alifupisha tu. Nilimuuliza diwani, na alikuwa mtu mwema, msiba wowote unamkuta ameshafika. Akaniambia, "Mama Mtendaji, mimi nina vijiji vinne na dakika tano za kusema. Nikiingia na dirisha, wa lami na wa umeme wananicheka." Dirisha lilizibwa na mume wa mkunga, kwa mbao za kreti ya soda.

Sasa kile kisa kikubwa.

Kijiji chetu kilikuwa na kitongoji kinaitwa Mbugani, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka Madukani, ambako ofisi ipo. Kaya zake ni chache. Mwenyekiti wa kitongoji hicho alikuwa kijana anaitwa Petro. Alipita bila kupingwa kwa sababu siku ya kuchukua fomu ndiye peke yake mwenye baiskeli yenye matairi mawili mazima. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila mwaka wa pili alinunua mashine ya kusaga, akaiweka Madukani penye wateja, akahamisha na familia, akapata na shamba huko huko. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa Mbugani, lakini Mbugani kwenyewe alikuwa anakwenda kama mgeni, tena mgeni wa kuchinjiwa kuku. Na sheria haikuwa na shida na hilo. Nafasi yake ilikuwa ya miaka mitano, na miaka mitano ni mingi.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Selemani. Wakati wa kampeni aliahidi jambo moja, akalirudia mpaka watoto wakaliimba: lambo. Kiangazi mifugo yetu ilikuwa inatembea siku nzima kwenda kunywa, na ng'ombe akirudi ameshaisahau ladha ya yale maji. Kila mtu alilitaka hilo lambo. Mimi nililitaka. Bi Mwanaidi wa Mbugani alilitaka, na alimpigia Mzee Selemani kura kwa ajili hiyo.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane, mtu mzima, na alikuwa na shamba moja. Nasema moja kwa sababu pale kwetu watu wengi wana vipande viwili vitatu, hapa mtama, kule alizeti, kwingine viazi. Yeye alibaki na kile kimoja baada ya mumewe kufariki na shemeji zake kugawana vingine. Kilikuwa kwenye bonde, udongo mweusi, na mtama wake ulikuwa unamficha mtu aliyesimama. Alikula humo yeye na wajukuu wanne.

Wilaya ikapata mradi wa lambo. Mafundi wa maji wakaja kupima, wakasema mahali panapofaa ni pawili. Pa kwanza ni karibu na Madukani, lakini maji yatafunika mashamba ya familia kama thelathini. Pa pili ni Mbugani, na maji yatafunika shamba la mtu mmoja. Nadhani mmeshamjua.

Halmashauri ya kijiji ilikaa ofisini kwangu, wajumbe ishirini na watano. Wengi wao walikuwa na mashamba kule Madukani kwenye eneo la kwanza. Petro naye. Mzee Selemani akamgeukia.

"Petro, wewe ndiye Mbugani. Watu wako wanasemaje?"

Petro akasimama, akakunja kofia. "Watu wangu wanalitaka lambo, mwenyekiti. Mbugani hatuna shida."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Walilitaka. Hakuna aliyemuuliza kama amekwenda kwao kuwaambia litakaa wapi, na yeye hakujitolea kusema. Mimi nilikuwa naandika. Nilijua hajaenda, maana wiki nzima nilikuwa nasikia mashine yake ikiunguruma na yeye mlangoni amejaa unga. Nikaandika mistari yangu mitatu.

Ikabaki mkutano mkuu wa kijiji, ambao ndio wenye kauli ya mwisho kwenye mambo ya ardhi. Tuliuitisha kiangazi. Mahudhurio yakapitishwa mapema kama kawaida. Bi Mwanaidi alifika mapema, akaweka dole gumba, akakaa na wenzake. Tulikuwa tunamsubiri mgeni kutoka wilayani, na mgeni wa wilayani hafiki saa aliyosema. Mkutano ulianza saa tatu baadaye. Lambo lilikuwa ajenda ya sita. Tulipokuwa kwenye ya nne, michango ya madawati, nilimwona Bi Mwanaidi anainuka, anajifunga khanga yake vizuri na kuondoka. Alikuwa na ndama wamefungwa nyumbani hawajanywa, na njia ni ndefu. Nilimwona kwa macho yangu haya, na kalamu nilikuwa nimeishika.

Ajenda ya sita ikafika. Mzee Selemani akauliza, "Wanaoafiki lambo liwe Mbugani?" Mikono ikapanda. "Wanaopinga?" Hakuna mkono. "Wasioelewa?" Watu wakacheka. Mgeni akatazama saa.

Kulikuwa na sentensi wilayani walikuwa wanaitaka neno kwa neno, na bila hiyo mradi unahamia kijiji kingine. Nikaiandika: mkutano uliafiki kwa kauli moja, na wenye maeneo wameridhia kuyatoa kwa hiari bila kudai fidia. Nikabana orodha ya mahudhurio nyuma yake kama ushahidi, nikapiga muhuri, nikapeleka. Karatasi safi.

Mvua za kwanza zikaanguka, Bi Mwanaidi akapanda. Mtama ulipofika magotini wakaja watu wa wilaya wakachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu katikati ya shamba lake. Akawauliza wanatafuta nini. Wakamwambia, "Mama, si ulishatoa?"

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa mlangoni pa ofisi kabla sijafungua. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unionyeshe mahali niliposema nimetoa shamba."

Nilifungua faili. Nilimsomea ile sentensi, kisha nikamwonyesha orodha, na kwenye orodha alama yake, wino wa zambarau. Aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Aliitambua, maana kidole chake kina kovu la jembe.

"Hiki ni changu," akasema. "Lakini hiki kilisema nimefika. Hakikusema nimetoa."

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia utaratibu, nikamwambia mkutano ndio umeamua, nikamwambia hata mwakilishi wake Petro alikuwepo na hakupinga. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe uliniona nikiondoka?"

Ningeweza kusema sikumwona. Watu walikuwa wengi, angeniamini. Nikasema, "Nilikuona, Bibi."

"Haya," akasema, akaondoka. Nilibaki na faili wazi mbele yangu na sikuweza kufanya kazi nyingine siku ile. Niliona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo.

Nilipanda baiskeli mpaka kwa Mzee Yohana. Nilitegemea atanituliza, atanipa sentensi ya kuniokoa, maana alikuwa fundi wa sentensi hizo. Alinisikiliza, akafunga vifungo vyote vya koti.

"Nilikufundisha namna ya kuponea kazini," akasema. "Kazi yenyewe sikukufundisha. Nenda kaitishe mkutano mwingine, uandike kilichosemwa."

"Wilayani watanipa barua ya onyo, mzee."

"Watakupa. Mimi ninazo mbili. Zinakaa kwenye faili, hazili chakula."

Nilimwendea Mzee Selemani nikamwambia muhtasari niliopeleka una uongo na uongo ni wangu. Alikasirika sana. Akaniuliza kama nataka kijiji kizima kikose maji kwa ajili ya mtu mmoja. Swali hilo lilikuwa zito, na msimcheke aliyeliuliza. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba kama watu watasema tena lambo liwe Mbugani, nami nisilete maneno.

Mkutano wa pili niliutaka ufanyike Mbugani kwenyewe, saa za mchana, mifugo ikiwa imeshanyweshwa. Nilidhani watakuja wachache kutoka Madukani. Walikuja wote, wanawake na watoto mgongoni, kwa sababu uvumi ulishaenea kwamba mtendaji anataka kulifuta lambo.

Bi Mwanaidi alipewa nafasi. Alizungumza Kinyaturu, nami naweka kwa Kiswahili nilivyoandika siku ile.

"Lambo ninalitaka. Nami nina ng'ombe. Lakini shamba ninalo moja. Wenye matatu wamejaa hapa, wamekaa mbele." Kisha akamtafuta Petro kwa macho. "Petro, mwanangu. Wewe ndiye mwenyekiti wangu. Siku mlipokaa ofisini, uliwaambia nini juu yangu?"

Petro akasimama. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mama, sikusema neno baya lolote juu yako."

"Na zuri?"

Petro akakunja kofia yake. Akakaa polepole. Hakuna aliyecheka.

Sikutaka mikono. Mikono inadanganya, mwingine anainua akiwa anajikuna, mwingine anainua ya jirani. Niliomba watu wasimame mistari miwili, wanaotaka lambo liwe Mbugani huku, wasiotaka kule. Mstari wa kwanza ukaenda ukapita nyumba ya tatu. Kwenye wa pili akasimama Bi Mwanaidi na mkwe wake na jirani yake mmoja kiziwi aliyekuwa anamwamini. Majirani zake wengine wa Mbugani walipita mbele yake wakiangalia chini, wakaenda kwenye mstari mrefu. Nao walikuwa na ng'ombe, na kiangazi kingerudi.

Nilihesabu mara mbili, ingawa hapakuwa na haja. Safari hii kila kitu kilikuwa halali, hakuna aliyedanganywa, na shamba lilikuwa limekwenda vilevile. Nilikuwa nimejiambia kwamba kosa zima ni karatasi yangu, kwamba nikiandika ukweli mama huyu atapona. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Wale thelathini wa Madukani wasingekubali mashamba yao yafunikwe, na ukiwapa kura watashinda kila siku, kwa sababu wao ni thelathini.

Nikaandika kwa majina. Waliokataa, watu watatu, na sababu zao kwa maneno yao. Nikamsomea Bi Mwanaidi kila neno kabla hajaweka dole. Akasema, "Ndivyo nilivyosema," akaweka.

Barua ya onyo ilikuja. Lakini karatasi ile yenye kelele ilipofika kwa mtu wa ardhi wilayani, aliirudisha na maneno mekundu pembeni: mwenye eneo amekataa, hivyo neno hiari kwenye muhtasari wa kwanza liondolewe, na kijiji kimpatie eneo jingine kabla ya kuchimba. Kama ningeandika kwa kauli moja, asingekuwa na pa kushikia kalamu yake. Hicho ndicho kitu pekee muhtasari wangu ulichomfanyia.

Halmashauri ilikaa vikao vitatu kutafuta hilo eneo. Wajumbe ishirini na watano, na kila mmoja alikuwa na wazo zuri kuhusu ardhi ya mtu mwingine. Wakampa kipande cha kule juu, changarawe tupu, ambacho wenyewe walikuwa wanakiita kwa utani shamba la mijusi. Uwele ukiota huko unafika magotini ukachoka. Mtama wake wa bondeni walau alimaliza kuvuna. Mvua zilipokatika lambo likachimbwa.

Ni lambo zuri. Halijawahi kukauka, wanakuja hata wa vijiji vya jirani. Mzee Selemani alichaguliwa tena, na alistahili. Petro naye alipita tena bila kupingwa, fomu alizichukua akiwa kwenye pikipiki.

Mnaweza kuniuliza sasa, Mama, utaratibu huu wa kuchagua watu wakatusemee, tuutupe? Sijasema hivyo. Nimeona vijiji ambavyo mtu mmoja mwenye ng'ombe wengi anaamua peke yake, na huko hata mahudhurio hakuna. Ninachosema ni kwamba kati ya mtu na uamuzi kuna watu wengi wamesimama katikati, kila mmoja anafupisha kidogo, na nyinyi mmeajiriwa kusimama hapo. Hamkuchaguliwa na mtu, lakini kalamu ndiyo mnayo.

Kwa hiyo pitisheni mahudhurio mara mbili, mwanzo na mwisho, muone nani hayupo kwenye ya pili. Ajenda inayogusa ardhi ya mtu msiiweke ya sita, na mwenye ardhi akiondoka mwandike ameondoka saa ngapi. Mwakilishi akisema watu wangu wanataka hivi, muulizeni alikaa nao lini na wapi. Swali hilo halina utovu wa adabu, mkiliuliza kwa sauti ya chini. Na mkalale vitongojini. Mimi Mbugani nililala mara mbili tu katika miaka yote, na mara zote mbili ilikuwa msiba.

Msidhani simu zimemaliza tatizo. Yule binti aliyekuja na wenzake alinionyesha grupu la WhatsApp la kijiji chake. Mwenyekiti ametuma uamuzi, chini watu wameweka alama za kidole gumba. Binti akasema, "Unaona Mama, wamekubali wote." Nikamuuliza anajuaje kama hawakumaanisha "nimeona" tu. Akaitazama tena. Nikamuuliza wasio na simu ya kupapasa wameweka kidole wapi. Hapo akafunga simu.

Kuna jambo moja nililichelewesha. Kwa miaka yote ile sikumwomba Bi Mwanaidi msamaha. Nilijiambia faili limesharekebishwa, barua ya onyo nimepata, deni limekwisha. Nilipobakiza wiki chache kustaafu nilikwenda. Nilimkuta kule juu kwenye changarawe, ameinama, anaokota mawe na kuyapanga pembeni, kazi aliyokuwa ameianza siku ya kwanza na ambayo haijaisha. Amezeeka sana. Wajukuu wawili wameondoka kwenda kutafuta kibarua mjini, maana shamba lile halilishi watu watano.

Nilipiga magoti nikamwambia yote, kwamba nilimwona anaondoka na bado nikaandika ametoa. Aliniacha nimalize. Akajifuta mikono kwenye khanga, akanishika bega.

"Msamaha nilishakupa siku nyingi, mwanangu, tena kwa hiari yangu," akasema. "Shamba sikutoa. Ukiandika, andika yote mawili."